Hakumfikia Hilja

Vijana wa siku hizi wakiniuliza kazi yangu ilikuwa ipi, huwajibu kwamba nilikuwa nafua soksi. Ni kweli nusu. Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa mtunza vifaa wa timu ya hoki ya barafuni ya Kuusilahti, mji wetu hapa Ufini: nilifua jezi, nilishona glavu, nilipasha moto supu ya matunda ya msituni, na nilinoa vyuma vya viatu vya barafuni. Hiyo ya mwisho ndiyo niliyojivunia. Sasa wana mashine inayonoa yenyewe; kijana anabonyeza kitufe, anarudi kwenye simu yake. Sina ugomvi nayo, ingawa Marketta anasema ninao. Mashine angalau haishikwi na furaha ikasahau kazi, na mimi kilichoniponza ni furaha.

Marketta ni binti yangu, na siku hizi ndiye mwenyekiti wa klabu. Oktoba mwaka jana alinipigia simu.

"Baba, tumekubaliana. Jezi ya Baba Aulis inapandishwa darini mwa uwanja kwa heshima, na namba thelathini haivaliwi tena na mtu. Jumamosi ya kwanza ya Desemba, saa tisa alasiri, kabla ya mechi. Wewe ndiye utakayemsemea."

"Tafuta wanaojua kusema."

"Wameshakufa wote. Dakika tano tu, Baba. Na usianze kulaumu mashine."

Nilikubali, nikaweka simu chini, nikakaa jikoni mpaka kahawa ikapoa. Mji mzima unalijua jambo moja baya kuhusu Aulis Kemppi, kipa wetu wa zamani, na jambo hilo nililifanya mimi. Kwa miaka arobaini na moja sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata Aulis mwenyewe. Na sasa nilitakiwa nisimame mbele ya watu elfu tatu nimsifu.

Aulis alizaliwa kwenye nyumba za kiwanda cha karatasi, ng'ambo ya mto, ambako theluji ilikuwa ya kijivu kabla haijagusa chini. Tulisoma darasa moja. Alikuwa hajui kabisa kuteleza, na ndiyo sababu akawa kipa. Tulikuwa tunamwagia maji uwanja wa shule ugande, tunagawana timu, na anayeanguka sana tunamsukumia golini. Baba yake alileta kutoka kazini mabaki ya lile blanketi nene linalozunguka kwenye mashine ya karatasi, mama yake akayashona yakawa kinga za miguu. Zilinuka kiwanda, na zikilowa ilibidi watoto wawili wamwinue. Lakini hakuna kilichopita. Mimi nilikuwa nyuma ya goli nachimbua kisahani, kile kidude bapa cha mpira tunachogombania kwa fimbo, kwenye theluji kila kilipokosea njia, na ukitazama vizuri, kazi hiyo sikuwahi kuiacha.

Milingoti miwili ya goli aliipa majina ya shangazi zake, waliomlea yeye wakati mama yake akiwa zamu kiwandani. Wa kushoto Elli, wa kulia Hilja. Kabla ya kila kipindi aliparua barafu kwa viatu vyake, akamgonga Elli kwa fimbo, akasukuma mguu na kuteleza kiubavu mpaka upande wa pili, akamgonga Hilja.

"Nataka kujua walipo," aliniambia. "Shangazi wakiwa nyuma yangu siogopi mtu."

Alifanya hivyo akiwa na miaka minane, na alifanya hivyo akiwa na jezi ya taifa mbele ya mfalme wa Waswidi. Watu walimwita Kufuli. Tulichukua ubingwa wa Ufini mara tatu, sabini na sita, sabini na tisa na themanini na moja, na kila mara Jumatatu asubuhi Aulis alikuwa kiwandani akikata karatasi kama kawaida, medali ikiwa kwenye mfuko wa koti ili wenzake waione. Waswidi walimtumia mtu aje kumchukua. Akamjibu kwamba msimu wa kuvua samaki chini ya barafu haujaisha, aje tena Mei. Mei akamwambia kuna viazi vya kupanda.

Nayakumbuka mabasi ya zamani zaidi kuliko ninavyokumbuka mechi. Saa saba za safari kwenda kaskazini, madirisha yameganda kwa ndani, nahodha wetu Heimo Lassila, beki mkubwa kama kabati, akiimba nyimbo za tango, zile za mapenzi ya huzuni, kwa sauti ya mwanamke aliyeachwa, na Aulis amelala sakafuni katikati ya viti kichwa chake kikiwa kwenye mfuko wangu wa soksi. Safi, namshukuru Mungu. Tulikuwa hatujui kwamba tuna raha. Ningekuwa najua ningeimba na mimi.

Sasa nieleze kuhusu kunoa, nisije nikaonekana nalalamika bure. Chuma cha kiatu cha mchezaji wa kawaida hunolewa kikawa na mfereji katikati, ili kingo mbili ziume barafu. Cha kipa hunolewa karibu bapa, kwa sababu kipa kazi yake ni kuteleza kiubavu. Ukimpa kipa makali ya beki, atasukuma mguu na chuma kitang'ang'ania barafu, naye ataenda chini. Kwa hiyo jiwe la mashine inabidi ulibadilishe kila mara, unauchonga ukingo wake duara kwa beki na bapa kwa kipa. Kwa macho huoni tofauti. Unaijua kwa kidole gumba, kama ukikumbuka kugusa.

Ilikuwa Jumapili ya Machi, mwaka themanini na tatu, mechi ya tano na ya mwisho ya fainali, uwanjani kwetu, mchana kweupe. Mke wangu Raili alikuwa hospitali tangu alfajiri, na wanaume wakati ule hatukutakiwa huko; wauguzi walitufukuza kama kuku. Vipindi vitatu viliisha mbili kwa mbili. Kabla ya muda wa nyongeza wachezaji waliingia chumbani, nikanoa viatu vya Heimo kwanza. Nilipomaliza tu, Aulis akavua vyake.

"Tauno, chuma kimegonga mlingoti, kimepata pengo. Unazo dakika tano?"

"Ninazo nne. Lete."

Ndipo mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Alikuwa Impi wa mkahawa, aproni imejaa haradali, mkono mmoja bado ameshika koleo la soseji.

"Tauno! Wamepiga simu hospitali! Msichana! Kilo tatu na nusu, na anafoka kuliko refa!"

Chumba kizima kikalipuka. Heimo aliniinua juu nikagonga kichwa kwenye bomba. Mtu alinimwagia supu ya matunda mgongoni. Huku nacheka, huku nalia, nilichukua viatu vya Aulis, nikaviweka kwenye jiwe, kimoja halafu cha pili, nikavifuta kwa taulo, nikampa.

Sikubadilisha jiwe.

Goli la kwanza la muda wa nyongeza humaliza mechi, na ule ulidumu sekunde arobaini na nane. Mpinzani alishuka upande wa kushoto, Aulis akamfuata, bega lake likimgusa Elli. Yule akakipeleka kisahani kulia kwa mwenzake. Pasi ya kawaida, Aulis alikuwa amezizuia elfu moja za aina hiyo. Akasukuma mguu. Akaenda chini kifudifudi, mkono umenyooka, na kisahani kikapita mbele ya glavu yake taratibu sana, mtu angeweza kukikanyaga. Hakumfikia Hilja. Picha ile ilitoka kwenye kila gazeti nchini: Kufuli amelala kwenye barafu, kati ya vidole vyake na mlingoti kuna nafasi ya shubiri moja.

Jumatatu asubuhi niliingia karakana kusafisha. Nililigusa jiwe kwa kidole gumba, na lilikuwa duara. Halafu nikalichonga likawa bapa, nikafagia vumbi, nikaenda hospitali kumwona mtoto wangu.

Aulis aliwaambia waandishi: "Barafu ilikuwa nzuri. Kipa ndiye alikuwa mbaya." Hakusema zaidi. Mwaka themanini na tano alitupa ubingwa wa nne, lakini huo haukufuta kitu. Mji huu ukipata mzaha hauuachi. Mtoto akimwaga maziwa, mama yake anasema amefanya Aulis. Dukani, kanisani, posta, barafu ikiwa imeganda mbele ya mlango, lazima pawe na mmoja wa kupaza sauti: "Usianguke, Aulis!" Yeye huinua mkono na kutabasamu. Mkewe Tellervo, marehemu sasa, alikuwa hatabasamu. Alihama duka mara tatu.

Na kila Machi, siku ya kuzaliwa ya Marketta, Aulis alikuja kwetu na keki. Ndiye baba yake wa ubatizo. Nilimwomba mwenyewe, na sijui kama nilimwomba kwa upendo au kwa hofu. Nilimmiminia kahawa, nikasema moyoni mwaka huu nitamwambia, nikamkatia kipande kingine cha keki. Nilikuwa mwoga. Sina neno lingine la kujipa.

Kwa hiyo baada ya ile simu ya Marketta nilingoja Jumamosi, nikaenda kwa Aulis mchana, saa ya sauna yake, kile chumba cha kuoga mvuke. Tulikaa kwenye benchi la juu, mahali pa joto kali, wazee wawili wenye magoti mabovu. Nilimwacha amwage maji kwenye mawe ya moto mara mbili.

"Aulis. Ile fainali ya themanini na tatu."

"Na wewe tena? Hata posta wamechoka nayo."

"Jiwe lilikuwa la Heimo. Nilikunolea kama beki. Ni mimi niliyekuangusha."

Mvuke ulitoa sauti, ukanyamaza. Aulis aliweka kijiko cha maji ndani ya ndoo polepole.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu kesho yake asubuhi."

"Kesho yake!" Akageuka kunitazama. "Bwana wee, mimi nilidhani hujui."

"Wewe ulijua?"

"Tauno, mimi nilikuwa kipa, si mlingoti. Nilijua nilipoparua barafu. Chuma kiliuma kama mbwa wa Heimo, hata kwa Hilja nilikwenda kwa kutembea."

"Mbona hukuinua mkono? Refa angesubiri!"

"Niliangalia benchi nikuite. Ulikuwa umesimama pale, supu mgongoni, umeshika taulo kama mtoto mchanga, unalia. Nikasema acha, ningoje filimbi inayofuata, nimwite pembeni asiaibike. Nikajiona Aulis Kemppi bwana, naweza kuzuia hata kwa makubazi." Alijipangusa uso. "Filimbi iliyofuata ilikuwa ya goli. Kwa hiyo kosa uligawe vizuri. Nusu ni yangu."

"Na baadaye? Miaka yote hii wanakucheka, ungesema neno moja tu."

"Halafu? Kila mwaka mtoto anapuliza mishumaa, na baba yake anakumbuka nini? Tellervo alinisihi niseme. Nikamwambia mtu apoteze fainali na apate mtoto siku moja, mimi nimnyang'anye na furaha ya mtoto?"

"Mimi nilikumbuka hivyo hivyo, Aulis. Kila mwaka."

Nilimwona anahesabu zile keki zote.

"Hilo sikulijua," akasema. "Lo. Basi tumekula keki chungu wote wawili."

Akashuka, akaenda chumba cha kuvalia, akarudi na kitu kimefungwa kwenye kipande cha lile blanketi la kiwandani. Nilijua ni nini kabla hajakifungua. Viatu vyake. Ngozi imekauka, chuma kimeshika kutu, lakini nilipopitisha kidole gumba niliuhisi ule mfereji, kazi ya mkono wangu mwenyewe ya mwaka themanini na tatu.

"Uliniambia vina mkosi, umevitupa."

"Ningevitupa mtu akaviokota? Mnoaji yeyote angevigusa mara moja akajua ni kazi ya nani." Alivisukuma magotini pangu. "Ninolee. Nataka niingie navyo hiyo Desemba. Lakini usiseme kitu. Marketta asijue siku yake ilivyokuwa. Niahidi."

"Viatu nitavinoa," nilisema, na yeye, ambaye aliweza kusoma pasi ya mtu kabla haijatoka, safari hii hakusoma kitu.

Nilikwenda navyo karakana ya uwanjani Jumatano. Ile mashine yao sikuigusa; nilitoa yangu ya zamani kwenye ghala na kuipaka mafuta. Nilikuwa natoa kutu Marketta alipoingia na kikombe cha kahawa mkononi.

"Mbona unanoa makumbusho, Baba?"

Nilikuwa nimepanga kumdanganya. Lakini nilimtazama, ana miaka arobaini na moja, ana mvi mbili ambazo hataki zitajwe, na nikaona kwamba tumemficha mtu mzima kama mtoto anayefichwa peremende. Nikamweleza yote, na Impi na koleo lake, na jiwe. Alisikiliza amesimama.

"Kwa hiyo lile goli," akasema mwishowe, "nilifunga mimi."

"Usiseme hivyo."

"Na Baba Aulis alikuwa anakuja kuniimbia siku yangu, akitoka hapo anazomewa mpaka kwenye gari? Na wewe ukimwona?" Sauti yake ilipanda. "Nilikuwa na miaka tisa, Baba, nilimwambia mwenyewe usianguke, mlangoni petu. Akacheka. Mungu wangu, akacheka!"

Alilia, na mimi nililia, na kahawa ikamwagika juu ya mashine mpya, jambo ambalo sikulijutia sana. Baadaye alijifuta kwa soksi ya mtu.

"Amenikataza nisiseme," nilimwambia. "Kwa ajili yako."

"Mimi sijakukataza. Una dakika tano. Zinatosha."

Siku ya siku uwanja ulijaa mpaka kwenye ngazi. Impi, ana miaka themanini na minane, aliketi mstari wa mbele na blanketi. Heimo alikuja akisukuma kigari cha kutembelea. Marketta alisimama pembeni, ameshika kamba ya kuipandisha jezi. Kisha taa zikaelekezwa mlangoni, na Aulis akaingia barafuni amevaa vile viatu na kofia ya sufu, fimbo mkononi, anateleza pole pole kuelekea golini. Watu walisimama wakapiga makofi. Na makofi yalipopungua, kutoka juu kabisa, mtu akapaza sauti:

"Usianguke, Aulis!"

Uwanja mzima ukacheka. Kicheko cha upendo, najua, hakuna aliyekusudia ubaya. Aulis akainua fimbo na kutabasamu, kama alivyotabasamu miaka yote. Nilikuwa na karatasi mkononi yenye tarehe na mataji. Nikaikunja nikaitia mfukoni.

"Hakuanguka," nilisema kwenye kipaza sauti. "Aliangushwa. Mimi Tauno Vesala, mtunza vifaa, nilimnolea viatu kama vya beki katika fainali ya themanini na tatu. Binti yangu alikuwa amezaliwa dakika ile na nilisahau jiwe. Aulis alijua. Alinyamaza miaka arobaini na moja ili mimi nifurahie siku ya mtoto wangu. Na mimi nilijua, nikanyamaza kwa woga, nikawaacha mmcheke. Mkitaka wa kumcheka, nipo hapa. Hayo tu."

Nilishika ukuta wa mbao unaozunguka barafu. Marketta alinitazama, akaitikia kwa kichwa, lakini kamba hakuivuta bado, kwa sababu alikuwa ameona Aulis anafanya nini.

Aulis alikuwa ametupa kisogo. Alikuwa anaparua barafu mbele ya goli, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Akamgonga Elli kwa fimbo. Halafu, na miaka yake sabini na mitatu, akapiga goti kidogo na kusukuma mguu. Nilifumba macho. Sikusikia mtu akianguka. Nilisikia chuma kikipita juu ya barafu kiubavu, laini, bila kushika popote, kisha mlio mmoja wa fimbo ikigonga mlingoti wa kulia.

Watu walianza kupiga ukuta wa mbao kwa viganja, kwanza wachache, halafu wote. Jezi ilipanda. Aulis akaja mpaka nilipo, anahema, uso umemwiva, macho yamelowa, na nikajua nitagombezwa.

"Nilikukataza."

"Najua."

"Sasa watakusema wewe mpaka ufe."

"Najua, Aulis."

Akaegemea ukuta kando yangu, akainama, akapitisha kidole gumba kwenye chuma cha kiatu.

"Umebadilisha jiwe," akasema.